Vipimo vya wanga na sukari katika vyakula vyetu vya Dodoma: kitendanishi kinauliza nini hasa?

Mleta uzi, Dodoma Mjini

Ndugu zangu walimu, wanafunzi na wote mnaoshughulika na chakula, ninafundisha kemia na baiolojia katika sekondari moja hapa Dodoma, na ninaomba tuzungumze kwa kina kuhusu vipimo vya maabara vinavyotumika kutambua wanga na sukari. Kila mtihani wa vitendo wa kidato cha nne unapokaribia, wanafunzi hukariri rangi: iodini huleta bluu nyeusi, kitendanishi cha Benedict, yaani kemikali ya kupimia sukari, huleta nyekundu ya matofali, basi. Rangi hizo ni za kweli. Lakini mwanafunzi aliyekariri rangi peke yake hawezi kueleza kwa nini uji wa mtama uliotiwa ubuyu unaweza kuikataa iodini ilhali umejaa wanga, wala kwa nini sukari nyeupe ya dukani, ambayo ni sukari tupu, huiacha Benedict ikiwa na rangi yake ileile ya bluu. Msimamo wangu ni kwamba kila kitendanishi kinauliza swali moja la kikemia, dogo na mahususi, na anayesoma jibu bila kulijua swali atapotoka hata kama vyombo vyake ni safi na vipimo vyake vya ujazo ni sahihi.

Nianze na iodini. Iodini tupu huyeyuka kwa shida sana katika maji, kwa hiyo huyeyushwa pamoja na iodaidi ya potasiamu, na humo huundwa ioni za triaiodaidi ambazo ndizo zinazofanya kazi. Wanga nao si kitu kimoja. Una amilosi, ambayo ni mnyororo mrefu wa glukosi uliojisokota kama springi, na una amilopektini, yenye matawi mengi mafupi. Ioni za iodini hujipanga ndani ya msokoto wa amilosi, na mpangilio huo ndio unaofyonza mwanga na kutupatia rangi ya bluu nyeusi. Kwa hiyo iodini haiulizi kama kuna chakula cha kutia nguvu katika neli. Inauliza kama kuna msokoto mrefu wa glukosi ambao inaweza kuingia ndani yake. Colin na Gaultier de Claubry walieleza rangi hii mwaka 1814, miaka mitatu tu baada ya Bernard Courtois kuigundua iodini yenyewe nchini Ufaransa, na hadi leo hakuna kipimo cha wanga kilicho rahisi kuliko hiki.

Ukishaelewa msokoto, mambo kadhaa yanajieleza yenyewe. Wanga wa kawaida wa mahindi, mtama au muhogo una amilosi kiasi cha robo hivi, na robo hiyo inatosha kuleta bluu nyeusi. Ziko aina za mtama na mahindi ambazo hazina amilosi karibu kabisa, na hizo hutoa rangi ya wekundu wa kahawia. Mwanafunzi anayesubiri bluu ataandika kwamba wanga haupo, na atakuwa amekosea. Vilevile ukidondosha iodini katika uji ambao bado unafuka moshi, rangi inaweza isionekane kabisa, kwa sababu joto hulegeza msokoto na iodini hutoka. Uji ukipoa, rangi hurudi. Ndiyo maana ninawasisitizia wanafunzi wachemshe unga kidogo katika maji mengi ili punje za wanga zifumuke, waache upoe kabisa, kisha watie matone mawili au matatu ya iodini iliyochujuka hadi kufanana na chai ya rangi nyepesi. Iodini nzito huficha kila kitu.

Sasa Benedict. Ndani ya lita moja ya kitendanishi hiki mna gramu 17.3 za salfeti ya shaba, ile ambayo madukani huitwa mrututu, gramu 173 za sitreti ya sodiamu na gramu 100 za kaboneti ya sodiamu isiyo na maji. Kila kimoja kina kazi yake. Mrututu huleta ioni za shaba zenye rangi ya bluu. Kaboneti huufanya myeyusho uwe wa kibesi, na katika hali hiyo pete ya sukari hufunguka na kuacha wazi kundi la atomu liitwalo aldehaidi. Sitreti huishikilia shaba isizame kabla ya wakati wake. Sukari iliyofunguka huipa shaba elektroni, shaba hupungua chaji, na oksidi ya shaba yenye rangi nyekundu hushuka chini kama mashapo. Sukari zenye uwezo huo ndizo tunazoziita sukari punguzi: glukosi, fruktosi, galaktosi, maltosi na laktosi ya maziwa. Fruktosi kwa umbo lake haina aldehaidi, lakini ndani ya besi hujigeuza, kwa hiyo nayo hujibu.

Stanley Benedict, mkemia wa Marekani, alikitoa kitendanishi hiki mwanzoni mwa karne ya 20. Kile cha Hermann von Fehling wa Ujerumani kilikuwepo tangu katikati ya karne ya 19, ila kinahitaji miyeyusho miwili ichanganywe wakati uleule wa kutumia, na kina hidroksidi ya sodiamu inayounguza. Kwa shule zetu, Benedict ni salama zaidi na hukaa muda mrefu bila kuharibika.

Kuhusu joto, niseme jambo linalotuhusu sisi wa nyanda za kati. Dodoma iko kiasi cha mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Joto hilo linatosha, lakini sampuli yenye sukari kidogo huchelewa kidogo kujibu, kwa hiyo iacheni neli ndani ya bika ya maji yanayochemka kwa dakika tano kamili, mkihesabu tangu maji yaliporudi kuchemka baada ya kuingiza neli. Kuiweka neli moja kwa moja juu ya moto wa taa ya spiriti kunafanya myeyusho uruke na kumchoma mtu usoni, na hakuna sababu ya kufanya hivyo.

Rangi ya mwisho hutegemea wingi wa sukari. Kijani ni kidogo, njano ni zaidi, chungwa ni zaidi tena, na nyekundu ya matofali ni nyingi. Zamani hospitali zilitumia ngazi hii ya rangi kukadiria sukari katika mkojo wa wagonjwa wa kisukari. Ni makadirio tu, wala mtu asiandike asilimia kwa kutazama rangi.

Sukrosi, yaani sukari ya miwa, ina glukosi na fruktosi zilizounganishwa kwenye ncha zilezile ambazo zingefunguka, kwa hiyo haina cha kuipa shaba. Ndiyo sababu tunaichemsha kwanza na asidi ya hidrokloriki iliyochujuka kwa dakika chache, asidi ikaukata muunganiko huo, kisha tunatia haidrojeni kaboneti ya sodiamu kidogo kidogo hadi mapovu yakome, ndipo tunaweka Benedict na kuchemsha tena. Hatua ya kuondoa asidi hairukwi, kwa maana Benedict haifanyi kazi ndani ya asidi.

Na hapa pana mtego ambao sijauona ukielezwa vya kutosha madarasani. Asidi moto haichagui sukrosi peke yake. Ikiachwa muda mrefu hukata wanga pia na kutoa glukosi. Mwanafunzi akichemsha uji wa unga na asidi kwa muda mrefu, akapata nyekundu, akaandika kwamba unga una sukari isiyo punguzi, huenda ameuona wanga uliovunjika tu. Dawa yake ni kuitenga sukari kwanza. Loweka unga katika ethanoli ya asilimia 80 yenye uvuguvugu, chuja, sukari zitapita na kimiminika na wanga utabaki kwenye karatasi. Ivukize ethanoli juu ya maji ya moto, mbali na miali ya moto, kisha pima kilichobaki. Ninakaribisha maswali.

Mchangiaji, Mpwapwa

Shikamoo mwalimu. Mimi nipo kidato cha tatu. Umetaja uji wa ubuyu kuikataa iodini lakini hukuendelea. Ninaomba ufafanue, kwa sababu hata sisi tulipojaribu mlenda uliochanganywa na unga kidogo, iodini ilipotea rangi na tukaandika kwamba wanga haupo.

Mleta uzi

Marahaba mwanangu, na umeuliza vizuri, kwa kuwa umegusa mambo mawili yanayofanana kwa macho lakini yana sababu tofauti kabisa.

Unga wa ubuyu una vitamini C nyingi kuliko chungwa kwa uzito uleule. Vitamini C hutoa elektroni kwa urahisi mkubwa, na iodini huzipokea na kugeuka iodaidi isiyo na rangi. Tone la iodini likianguka ndani ya uji wenye ubuyu, hukutana na vitamini C kabla ya kutulia kwenye msokoto wa wanga, na rangi huonekana kwa nukta chache kisha hufutika. Wanga upo palepale. Endelea kutia matone huku ukikoroga, na vitamini C ikishakwisha yote, tone linalofuata litaleta bluu ambayo haiondoki. Isitoshe, idadi ya matone uliyotumia kufika hapo inakueleza vitamini C ilikuwa kiasi gani, na ndiyo njia ambayo maabara hutumia kuipima, kwa kutumia wanga kama kionyeshi. Ila ujue pia kwamba vitamini C hiyohiyo huipa shaba elektroni katika kipimo cha Benedict. Ubuyu una sukari punguzi zake, lakini rangi utakayoipata imechangiwa na vyote viwili, na ubuyu pamoja na ukwaju ni vyenye asidi nyingi, kwa hiyo vipunguzwe asidi kwanza kwa haidrojeni kaboneti.

Mlenda ni habari nyingine. Wengi wetu huupika na magadi ili ulainike na kubaki wa kijani. Magadi ni besi, na ndani ya besi iodini hujigawa na kuwa iodaidi na ayodeti, ambazo hazina rangi wala haziingii kwenye msokoto. Tia matone ya asidi iliyochujuka hadi mapovu yakome na myeyusho uwe na uchachu kidogo, kisha weka iodini upya. Kwa sababu hiyohiyo, kamwe usiweke iodini katika neli ambayo tayari ina Benedict au hidroksidi ya sodiamu. Gawa sampuli mapema katika neli tofauti, kila kipimo na neli yake.

Mchangiaji, Chamwino

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mama, ninasindika unga wa lishe wa watoto pamoja na wenzangu wa kikundi, na mtaalamu wa lishe alitushauri tuongeze kimea cha mtama ili uji uwe mwepesi bila kupunguza unga. Je, vipimo hivi vinaweza kutuonyesha kama kimea chetu kinafanya kazi, au mpaka tupeleke sampuli maabara kubwa?

Mleta uzi

Dada yangu, ahsante sana, kwa maana swali lako ndilo linaloonyesha thamani ya vipimo hivi nje ya chumba cha mtihani. Jibu ni kwamba mnaweza, na mnachohitaji zaidi ni iodini na subira.

Punje ya mtama inapoota, hutengeneza kimeng'enya kiitwacho amilesi, ambacho kazi yake ni kuukata wanga ili mche mchanga upate chakula. Siku tatu hadi tano za kuota zinatosha, kisha mnaanika. Wengi hudhani kwamba kimea chenyewe hakina wanga tena, wakishangaa kukuta unga wake ukigeuka bluu nyeusi kabisa kwa iodini. Sehemu kubwa ya wanga bado imo. Kilichoongezeka ni kimeng'enya, na kazi yake kubwa itafanyika baadaye ndani ya uji. Kwa hiyo kupima unga mkavu wa kimea kwa iodini hakuwaambii lolote kuhusu nguvu yake.

Fanyeni hivi. Pikeni uji mzito wa mtama wa kawaida hadi uive, kisha uacheni upoe mpaka uwe wa moto wa kuvumilika kwa kidole kwa muda mfupi tu, yaani kwenye nyuzi 60 hivi kama mna kipimajoto. Tieni unga wa kimea na mkoroge. Msiutie kwenye uji unaotokota, kwa sababu joto la kuchemka huua kimeng'enya, na hilo ndilo kosa linalofanya vikundi vingi viseme kimea ni kibovu. Chukueni sahani nyeupe, wekeni juu yake matone ya iodini yaliyopangwa kwa mstari, na kila baada ya dakika kumi mchote tone la uji, mlipoze, na kuliweka juu ya tone moja la iodini. Tone la kwanza litakuwa bluu nyeusi. Kadiri minyororo inavyokatwa, msokoto unakuwa mfupi, na rangi hupita kwenye zambarau, kisha wekundu wa kahawia, na mwishowe iodini hubaki na rangi yake ya njano. Wakati huohuo uji utakuwa umelegea na kuongezeka utamu, na kama mna Benedict mtaona rangi ikipanda kutoka kijani kuelekea nyekundu, kwa kuwa maltosi na glukosi zimezaliwa. Kimea chenye nguvu hufika kwenye wekundu mapema; dhaifu hubaki na bluu. Ili mlinganishe haki, wekeni pembeni bakuli la pili la uji uleule lisilo na kimea, na la tatu lililotiwa kimea kilichochemshwa kwanza. Hayo mawili yasipobadilika na la kwanza likabadilika, mna uhakika kwamba ni kimeng'enya kilichofanya kazi wala si kitu kingine.

Jambo moja la usalama, hata kama liko pembeni kidogo ya mada: mizizi na machipukizi ya mtama ulioota yana kemikali inayoweza kutoa sianidi. Mkishaanika, yasugueni na kuyapepeta yote kabla ya kusaga, na uji wa mtoto uchemshwe tena baada ya kimea kumaliza kazi yake.

Mchangiaji, Manyoni

Ndugu mleta uzi, mimi ni mfugaji nyuki. Wanunuzi wetu wanapima asali kwa kiberiti, kwa karatasi na kwa kudondosha kwenye maji, na sasa kijana mmoja amekuja na Benedict akisema ikitoa nyekundu basi asali imechanganywa na sukari. Asali yetu yote imetoa nyekundu. Tufanye nini?

Mleta uzi

Kaka, mwelezeni kijana huyo kwa upole kwamba matokeo yake ni sahihi na tafsiri yake si sahihi. Asali halisi ina fruktosi kiasi cha asilimia 38 na glukosi kiasi cha asilimia 31, na zote mbili ni sukari punguzi. Asali ambayo haikutoa nyekundu ndiyo ingenishangaza. Aliiuliza Benedict kama kuna sukari punguzi, ikajibu ndiyo. Hakuiuliza sukari hiyo imetoka wapi, na haiwezi kujibu swali hilo. Kiberiti na karatasi hupima unyevu tu, na hata unyevu wenyewe huupima vibaya. Iodini inaweza kusaidia kidogo: asali ikichanganywa na uji au na sharubati iliyotengenezwa kwa wanga ambao haukuvunjika wote, huweza kuleta bluu au wekundu. Mchanganyaji mwerevu hataonekana kwa njia hiyo.

Mchangiaji, fundi sanifu wa maabara, Dodoma

Ninaomba kumwongezea mwalimu hapa, na pia kutofautiana naye kidogo. Kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, kwa asali ya maua kinataka fruktosi na glukosi kwa pamoja zisipungue gramu 60 katika kila gramu 100, sukrosi isizidi gramu 5 kwa asali nyingi, na unyevu usizidi asilimia 20. Kuna pia kipimo cha haidroksimethilifurfurali, ambayo huongezeka asali inapopashwa moto au kukaa sana juani. Kikomo chake ni miligramu 40 kwa kilo, na asali ya nchi za joto kama yetu inaruhusiwa hadi miligramu 80. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosomwa kwa rangi ya neli. Sukrosi na sukari punguzi hupimwa kwa titresheni au kwa kromatografia, na unyevu kwa refraktomita, kifaa kinachopima jinsi mwanga unavyopinda. Sharubati ya miwa au ya mahindi hugunduliwa kwa kulinganisha aina za atomu za kaboni, kwa sababu miwa na mahindi hutengeneza sukari kwa njia tofauti na mimea mingi ambayo nyuki huitembelea.

Ninapotofautiana na mwalimu ni hapa: kwa maoni yangu, Benedict isitumike kabisa kwa bidhaa za biashara, kwa sababu inawapa watu ujasiri wasiostahili kuwa nao. Mkulima wa zabibu wa Makutupora hahitaji kuambiwa kwamba zabibu ina sukari. Anahitaji kujua Briksi ngapi, yaani kiwango cha vilivyoyeyuka ndani ya juisi, na refraktomita ndogo ya mkononi inamjibu kwa tone moja shambani.

Mleta uzi

Nimepokea, fundi, na kuhusu zabibu ninakubaliana nawe moja kwa moja. Hata hivyo, refraktomita nayo ina swali lake: inauliza mwanga umepinda kiasi gani, na kila kilichoyeyuka, sukari, asidi na chumvi, huchangia. Kwa zabibu iliyoiva sukari ni sehemu kubwa kiasi kwamba jibu linafaa. Kwa ukwaju au kwa supu yenye chumvi, Briksi si sukari. Benedict ninaitetea pale penye swali la ndiyo au hapana lenye ulinganisho karibu yake, kama lile la kimea. Siitetei sokoni.

Na kwa wanaotaka kujua ni sukari ipi, vipo vitendanishi vingine ambavyo vyuo hutumia. Barfoed hutofautisha sukari sahili kama glukosi na zile pacha kama maltosi kwa sababu hufanya kazi katika asidi hafifu, ambamo sukari pacha huchelewa. Seliwanoff huleta wekundu wa haraka kwa fruktosi. Molisch huleta pete ya zambarau kwa kabohaidreti yoyote, lakini kwa kuwa hutumia asidi ya salfuriki isiyochujuliwa, sitaki kuiona mikononi mwa mwanafunzi wa kidato cha pili.

Mchangiaji, Kongwa

Mwalimu, mama yangu ana kisukari. Kuna mtu alipima ugali wa mtama kwa Benedict mbele yetu, ukabaki bluu, akasema mama ale kiasi chochote kwa sababu hauna sukari. Ni kweli?

Mleta uzi

Si kweli, ndugu yangu, na ninaomba mama asifuate ushauri huo. Ugali ulibaki bluu kwa sababu glukosi yake bado imefungwa ndani ya wanga. Mwilini itafunguliwa. Tafuneni tonge la ugali kwa dakika kadhaa bila kumeza, muweke mate yake katika neli kwenye uvuguvugu wa mwili, kisha mpime: iodini itafifia na Benedict itaanza kupanda, kwa sababu mate yana amilesi. Utumbo mwembamba humalizia kazi hiyo kwa ukamilifu. Mtama unaweza kuwa na nafasi katika mlo wa mama kwa sababu nyinginezo, lakini kiasi chake kipangwe na daktari au mtaalamu wa lishe kwa kuangalia sukari ya damu, si ya neli.

Mchangiaji, Kondoa

Mwalimu mwenzangu, shule yetu ni ya kata na bajeti ya vitendanishi ni ndogo. Tunaweza kuanza na nini? Na je, chumvi yenye madini joto inaweza kuchukua nafasi ya iodini?

Mleta uzi

Chumvi haiwezi, mwalimu. Madini joto yaliyomo ni ayodeti ya potasiamu, tena kwa makumi machache ya miligramu tu katika kilo, na ayodeti haitoi rangi na wanga mpaka itiwe asidi na iodaidi. Nunueni iodini ya kusafishia vidonda katika duka la dawa, ichujueni kwa maji mara kumi hivi, na itafanya kazi. Itunzeni katika chupa nyeusi, mbali na jua.

Kwa maji, tumieni maji ya betri yasiyo na asidi, yale ya kuongezea, na msome lebo vizuri kwa sababu asidi ya betri huuzwa katika chupa zinazofanana nayo. Maji ya visima vyetu ni magumu, na chokaa iliyomo inaweza kukutana na kaboneti ya Benedict na kuleta weupe unaomchanganya mwanafunzi. Weupe si jibu. Kila kundi liwe na neli mbili za ulinganisho, moja yenye maji matupu na nyingine yenye glukosi inayojulikana. Neli ya maji ikibadilika rangi, chombo au maji yenu yana kasoro na matokeo yote ya siku hiyo yarudiwe. Ya glukosi isipobadilika, kitendanishi kimeharibika. Sampuli ziko jikoni na sokoni kwenu: mahindi, makopa, viazi, ndizi mbichi na ndizi iliyoiva sana za mkungu mmoja, maziwa, karanga. Ndizi hizo mbili pekee zinatosha kwa kipindi kizima, kwa kuwa wanga wa ile mbichi hugeuka sukari inapoiva, na wanafunzi huona kipimo kimoja kikishuka na kingine kikipanda.

Wanapoandika ripoti, wazuieni kuandika "rangi ya chungwa, kuna sukari". Waandike kwamba mashapo ya rangi ya chungwa yalitokea baada ya dakika tano za kuchemsha na kwamba sukari punguzi zipo kwa kiasi cha kati, na kama sampuli ina ubuyu au tunda lenye vitamini C, waseme hivyo palepale kwenye safu ya hitimisho.

Mabaki ya Benedict yakusanyeni katika ndoo ya plastiki yenye kifuniko na alama, msiyamwage kwenye bustani ya shule wala kwenye mfereji unaoelekea kwa mifugo, kwa sababu shaba hujikusanya katika udongo na ni sumu kwa kondoo hata kwa kiasi kidogo. Ndoo ikikaribia kujaa, wasilianeni na ofisi ya elimu ya wilaya kuhusu namna ya kuyateketeza. Neli zilizoshika wekundu usiotoka kwa brashi zisuuzeni na asidi ya hidrokloriki iliyochujuka, kisha na maji mara mbili, na maji ya suuzo la kwanza yaingie katika ndoo hiyohiyo.